Chale Isiyowasha

Hotelini, Diani
8 Machi 1964

Dada Mbodze,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji Mwero na watoto, na kwamba huko Kinango mvua imewakumbuka angalau kidogo. Mimi sijambo. Kazi ya udobi ni ile ile, mimi na pasi, pasi na mimi, mashuka ya Wazungu hayaishi.

Dada, keti kwanza. Na usimwambie mama mpaka nije mwenyewe. Nimechanjwa chale. Si zile za kwetu, ni za mabaharia, za sindano na wino. Yuko mwenzetu hapa jikoni, Kaingu, aliwahi kuwa mtia makaa melini, ndiye fundi. Alifunga sindano tatu za kushonea kwa uzi, akazichovya katika masizi ya taa, akaniandika mkono wa kushoto chini ya kiwiko: DZOMBO. Jina la baba, herufi zote sita, kubwa kubwa.

Najua unasema nimeingiwa na wazimu. Sikiliza basi sababu. Unajua kwamba baada ya Maulidi namwoa Chiku wa Tiwi, na kabla ya hapo nitasilimu. Babake, Mzee Waziri, ni mtu mwema, lakini amesema wazi kwamba mkwe wake hatamwagia kijiti cha wafu tembo, ule uchi wetu wa mnazi. Haya, nimekubali. Lakini tangu baba afie Tanganyika kwenye mashamba ya mkonge, tukamchomekea koma, kijiti cha kumkumbuka, pale nyumbani, nani aliyekuwa akimmiminia? Ni mimi, tangu mama ananishika mkono ili kibuyu kisianguke. Nikiacha mimi, nani atamwambia "baba, kunywa"? Hatuna ndugu mwingine wa kiume. Basi nikaona kwamba nikishindwa kumwendea kwenye koma yake, nitatembea naye mkononi.

Na nimepata faida ya pili. Unalikumbuka lile baka langu jeupe, ule mba niliopaka kila dawa mwaka jana ukakataa kutoka? Jina limekaa juu yake, limelifunika lote. Chiku hataliona tena.

Sasa haja yangu. Kaingu anasema nipake mafuta ya mgando. Mpishi anasema ya nazi. Mzungu mmoja wa kike ameniachia kikopo cha krimu nyeupe inayonukia kama bibi harusi. Wewe ndiye uliyefundishwa na bibi kuuguza chale za wasichana, kwa hiyo toa hukumu. Nipake nini?

Halafu nijisifu kidogo, maana wewe hujawahi kunisifu. Sindano zilipoingia sikusikia uchungu wowote. Kaingu alidunga saa nzima akinitazama usoni, akingoja nilie, mpaka akachoka yeye. Siku hizi jikoni wananiita Chuma.

Mdogo wako,
Nzai


Kinango
15 Machi 1964

Nzai,

Marahaba. Sisi tu wazima. Mvua haijatukumbuka. Lambo limebaki tope, na ng'ombe wananywa kwa zamu.

Mwanamume mzima, miaka ishirini na miwili, unajiandika kama gunia la kahawa! Nami ningekuwapo ningempiga huyo Kaingu na sindano zake. Na kama ni lazima ujiandike, mbona usiandike jina lako? Jina la baba ungeliacha pale baba alipo. Ungeniuliza kwanza. Haya, limeshaingia, tulihudumie.

Krimu ya Mzungu mrudishie mwenyewe. Kitu kinachonukia kina manukato, na manukato ni moto kwa kidonda. Mafuta ya mgando yanaziba, na wewe unashinda kwenye joto la pasi, utaivisha usaha. Ya nazi ni mazuri lakini si ya mwanzo. Bibi alikuwa anaanza na ya mbarika, yaliyokamuliwa nyumbani. Nimempa Mwinga, utingo wa basi, chupa moja, kaichukue kwake Ukunda. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, usisugue, kausha kwa kugusagusa, paka kiasi cha kung'aa tu. Siku saba. Usiingie baharini na usianike mkono juani.

Siku ya nne au ya tano ya kupaka itaanza kuwasha. Usijikune hata ukitaka kulia, piga kofi la pembeni. Kuwasha ndiyo habari njema. Hapo ndipo utaacha ya mbarika uingie ya nazi. Bibi hakuwa akihesabu siku, alikuwa akiwauliza wasichana, "Inawasha?" Wakisema ndiyo, anabadilisha chupa. Alikuwa na neno lake: chale isiyowasha haijapona.

Basi nijulishe ikianza. Na mama sitamwambia, lakini wewe vaa mikono mirefu ukija.

Dada yako,
Mbodze


Diani
29 Machi 1964

Dada,

Shikamoo. Chupa imefika, Mwinga ameinusa njiani kama kawaida yake. Mafuta yako kiboko! Herufi zimekauka, magamba yametoka, jina linasomeka kutoka mlangoni. Chiku alipoliona aliniuliza kama nilikuwa nikimpenda sana baba. Nikamwambia mtu utampendaje usiyemkumbuka uso? Nakumbuka mgongo wake tu, na shati la rangi ya udongo. Akashusha mkono wa shati langu taratibu.

Kuwasha bado. Wiki ya tatu leo tangu nichanjwe, hata mwasho wa mbu sijaupata. Naendelea na ya mbarika kama ulivyosema, nikingoja ruhusa ya kuhamia ya nazi.

Kidole changu cha mwisho cha mkono huo kimepinda kidogo, hakitaki kunyooka. Nadhani ni kukunja mashuka. Nacho nikipake?

Nzai


Kinango
10 Aprili 1964

Nzai,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nataka ufanye jambo, usiniulize kwa nini, ni la kuchagulia mafuta tu. Tafuta unyoya wa kuku, ule mwororo wa kifuani. Fumba macho. Mwambie Kaingu akuguse nao mkono mzima kuanzia bega hadi vidoleni, hapa na pale, nawe useme "hapo" kila ukisikia. Asikudokeze. Kisha niandikie ni wapi ulisikia na wapi hukusikia.

Tena niambie, ukipiga pasi mwili ukilowa jasho, je, pale penye jina panalowa?

Usicheke. Fanya.

Mbodze


Diani
26 Aprili 1964

Dada Mbodze,

Shikamoo. Samahani, nimecheka. Jiko zima limecheka! Kaingu na unyoya, mimi nimefumba macho, mpishi akiniimbia kama mwari anayeingia unyagoni. Haya, majibu yako haya: begani "hapo", juu ya kiwiko "hapo", kwenye jina kimya, pembeni ya jina kimya, kidole cha mwisho kimya. Kaingu anadai alipita pale mara kumi. Nami nasema alikuwa anapapasa hewa.

Jasho nalo umelijuaje? Kweli mkono wote hulowa, pale penye jina hubaki pakavu kama karatasi. Kaingu anasema wino umeziba vinyweleo, na kwa meli alizopanda namwamini.

Sasa hukumu ni ipi, bibi wa pili? Mafuta gani yanayofungua vinyweleo? Harusi inakaribia, nisije nikaingia chumbani na mkono wa mti.

Nzai


Kinango
9 Mei 1964

Mdogo wangu Nzai,

Nimechelewa kujibu, mtoto alikuwa na homa.

Jaribu mafuta ya kondoo, nimekutumia kidogo katika kopo. Yachue mpaka yapate moto.

Halafu nilikuwa nafikiri, ukipata ruhusa ya siku moja, teremka Msambweni hospitalini ukamwonyeshe daktari mkono. Kwa ajili ya mafuta tu. Nasikia wana mafuta mazuri ya kisasa. Mwambie hapasikii unyoya. Usiende na Chiku.

Na harusi, kwani ina haraka gani? Mngengoja mavuno.

Nakuombea.
Mbodze


Tiwi
2 Juni 1964

Kwa dada Mbodze, ambaye Mungu akipenda atakuwa wifi yangu,

Shikamoo. Hatujaonana uso kwa uso, nami nakuomba radhi kwa kukuandikia bila ya kutambulishwa. Mimi ni Chiku binti Waziri. Anwani nimepewa na Mwinga. Nzai hajui kama ninakuandikia.

Dada, Jumamosi iliyopita nilikwenda hotelini kumpelekea mahamri. Nilimkuta chumba cha pasi akiwaeleza wenzake kisa, mkono wa kulia umeshika pasi, wa kushoto unanyoosha shuka. Nilisikia harufu ya nyama inayochomwa. Nikadhani ni jikoni. Kisha nikaona moshi unatoka chini ya mkono wake. Pasi ilikuwa imeegemea kidole chake cha mwisho na ubavu wa kiganja, makaa yamejaa, naye anaendelea kucheka na kusema. Nilipiga ukelele. Alitazama chini, akauondoa mkono, ngozi ikabaki kwenye chuma. Akaniambia, "Usiogope, Chiku, haiumi." Wenzake wakapiga makofi wakaita, "Chuma! Chuma!"

Mimi sikupiga makofi. Nililia, naye akanicheka mpaka nikaona haya.

Anakipaka kidonda hicho mafuta ya kondoo uliyomletea. Anasema dada yake anajua mafuta kuliko daktari. Ndiyo maana nimekuja kwako. Nakuuliza kwa heshima zote, mtu anaweza kuungua hivyo asijue? Huu ni ugonjwa? Kama unalijua jambo, dada, nifiche mimi, lakini yeye usimfiche.

Wasalaam,
Chiku


Kinango
6 Juni 1964

Nzai, mwana wa mama yangu,

Soma barua hii ukiwa peke yako.

Baba hakufia Tanganyika.

Ulikuwa na miaka mitano, mimi kumi na mmoja. Baba alikuwa na baka jeupe begani na jingine nyuma ya mkono, mama akiyaita mba. Siku moja sima ilikuwa mafigani inatokota. Baba akakiinua chungu kwa mikono mitupu, akakitua chini polepole, akakaa kula. Sisi tukashangilia, tukasema baba ana mikono ya chuma. Wewe ulikuwa ukiruka kwa furaha. Mama hakushangilia. Alikuwa ameshika kata mkononi na maji yote yakamwagika.

Ulikuwa ukoma, Nzai. Matana. Neno hilo sijaliandika maishani mwangu.

Baba mdogo Kavumbi, Mungu amrehemu, alimtoa alfajiri mikono imefungwa vitambaa, akampeleka kambi ya wagonjwa huko upande wa Msambweni. Siku ya nne alirudi peke yake, akatangaza msiba wa Tanganyika. Tukakaa matanga. Tukachomeka koma, tukaivisha kitambaa. Mama akanilisha kiraho, kile kiapo cha kwetu, kwamba nikifungua mdomo, mdomo huo uoze. Usimlaumu upesi. Watu wangetufukuza lamboni. Nyumba wangeichoma. Mimi nisingeolewa, na wewe usingepata hata wa kucheza naye.

Kama bado yu hai au alikufa huko, sijui. Sikuuliza. Njia ya kwenda ilikuwapo, basi lilikuwapo, nami sikuuliza.

Sasa nikwambie langu mimi. Uliponiandikia kwamba sindano hazikuuma, moyo ulishtuka nikaunyamazisha. Uliposema haiwashi nilijua. Ulipojibu kuhusu unyoya sikuwa na shaka tena. Nami nikakutumia mafuta ya kondoo! Nilimfikiria Mwero na mamake, na binti zangu wawili, na jinsi watakavyotazamwa. Nikakuambia uende hospitali "kwa ajili ya mafuta", ili nipate kulala. Sikulala.

Hakuna mafuta, Nzai. Nenda Msambweni kesho. Nasikia siku hizi kuna vidonge. Vua shati, waonyeshe mwili wote. Nenda kabla hicho kidole hakijaondoka.

Nichukie ukitaka, lakini nenda.

Mbodze


Diani
20 Juni 1964

Mbodze,

Miezi mitatu. Nilikuuliza mara tatu, nawe ukanijibu kwa chupa na kopo.

Nimemwagia kijiti uchi miaka kumi na saba. Nilikuwa nikipiga magoti. Nilipokuwa darasa la pili nilimwambia baba, pale chini, majina ya herufi nilizojifunza, mama akiwa nyuma yangu anasikiliza. Wote mlikuwa mnasikiliza.

Nimemwambia Chiku mwenyewe. Nilisimama mbali naye nikamwambia. Alitaka kusogea nikamkataza. Mzee Waziri amerudisha posa kwa adabu, alilia, akaniombea dua, kisha akamwita Chiku ndani. Hotelini nimeaga kwamba naumwa na kifua. Kaingu, nadhani ameng'amua, anaosha sindano zake kwa maji ya moto kila siku.

Naondoka kesho. Usiniandikie.

Nzai


Kambini, Msambweni
4 Oktoba 1964

Dada Mbodze,

Shikamoo.

Nilikuambia usiandike, ukatii, kisha nikakasirika kwamba umetii. Basi naandika mimi.

Nipo hai. Vidonge navimeza, vinanichafua tumbo lakini bwana dresa, mfunga vidonda wetu, anasema nimewahi. Kidole cha mwisho wamekikata, hakikuwa na lake tena. Vilivyobaki vitabaki nikivichunga. Dresa anasema ugonjwa huu si laana wala hauzaliwi ndani ya damu. Hupata aliyekaa na mgonjwa muda mrefu, tena si kila mtu. Nami nilikuwa nikilala mgongoni kwa baba. Waangalie watoto wako ngozi, wewe na mama pia. Kwa unyoya, unajua namna.

Chiku alikuja mara moja mwezi wa Agosti, akasimama nje ya ua na shangazi yake. Aliposwa na mtu wa Vanga, na nasikia harusi ilifanyika wiki iliyopita. Alikuwa ameniletea mahamri, nikayala yote.

Sasa nikuambie la baba. Nimelianza mara tatu nikachana karatasi.

Siku niliyofika tulipangwa foleni barazani. Dresa akaniambia vua shati. Nikavua. Akanishika mkono, akageuza, akasoma kwa sauti kama asomaye orodha ya majina: "Dzombo."

Nyuma yangu mtu akaitika, "Naam, bwana dresa."

Niligeuka. Mzee mmoja, ameketi chini, miguu imo kwenye karai la maji. Mikono haina vidole ila viwili. Shati lake si la rangi ya udongo, lilikuwa jeupe la hospitali, lakini alipoinamia karai niliuona mgongo wake. Dada, mgongo ni ule ule.

Nikamwambia mimi ni Nzai. Hakunigusa. Aliniuliza kwanza, "Mbodze ameolewa?" Nikasema ameolewa, ana watoto watatu. Akasema, "Basi ilikuwa na maana." Akarudi kuosha miguu.

Wiki nzima alikuwa akinitazama kidole. Kisha jioni moja aliniita, akaniambia mengine. Dada, alipona. Alipewa cheti mwaka wa hamsini na tatu kwamba haambukizi mtu na aende kwao. Akaenda! Alitembea kutoka barabarani hadi nyumbani kwetu. Pale kwenye miti ya mikwakwa akaona koma imevishwa kitambaa kipya, na mtoto amepiga magoti, anamimina uchi, anasema, "Baba, kunywa, leo ni mtamu." Akasimama hapo mpaka mtoto akaondoka. Akasoma kila kitu kwa kijiti kile. Akanambia, "Mtu aliyekwisha kuchomekewa koma atarudije kuomba sima? Ningeingia, mamako angekuwa mwongo mbele ya watu, nanyi mngekuwa watoto wa mkoma. Nikaona nimekufa vizuri, nisiharibu." Akageuka. Alisema uchi ule aliuonja, kwa kuwa kiu ilikuwa kali, na kweli ulikuwa mtamu.

Miaka kumi na moja amekaa hapa mtu mzima aliyepona, anafagia baraza, kwa sababu hana pa kwenda. Mimi nilikuwa hatua ishirini kutoka kwake na kibuyu mkononi.

Uliniuliza zamani juu ya mafuta, au mimi ndiye niliyekuuliza. Nilimwuliza na yeye. Kila asubuhi anatia miguu na mikono yake majini mpaka ilainike, kwa sababu ngozi isiyotoka jasho hupasuka, kisha anaipaka mafuta. Nikamwuliza ni yapi yanayofaa. Akasema, "Yoyote, mwanangu. Mafuta si kitu, kitu ni kutazama. Ngozi yetu haisemi tena, basi uitazame kila siku, pande zote, kama umtazamavyo mtoto asiyejua kulia." Sasa tunatazamana. Mimi namtazama nyayo asizoziona, yeye ananitazama kiwiko.

Ninalo ombi, na hili si la kukuadhibu. Baba hatoki hapa maadamu kijiti kile kimesimama. Nimembembeleza, amekataa. Anasema maiti haitembei. Uhuru umekuja, bendera imepanda, yeye bado amezikwa. Mimi siruhusiwi kutoka kabla ya mwaka. Mama hataweza. Umebaki wewe.

Najua kitakachokupata. Fikiri kwanza, sitakuuliza mara ya pili.

Mdogo wako,
Nzai


Nyumbani kwa mama
26 Oktoba 1964

Nzai,

Marahaba, mdogo wangu.

Nimeing'oa koma. Ijumaa asubuhi, watu wakiwa wanakwenda mnadani na mifugo, ili waone wote kwa mara moja na nisiwe na kazi ya kueleza kila mlango. Nilidhani itanipa taabu. Mchwa walikuwa wamekwisha kula chini yote, ilitoka kwa mkono mmoja. Walikuja kuniuliza kama nimepandwa na pepo. Nikawaambia Dzombo yu hai, yuko Msambweni, aliugua matana akapona, na mwanawe anaugua naye atapona. Nililitamka. Mdomo wangu bado upo.

Wapo waliotema mate. Mzee Tembo alivua kofia, akauliza kama Dzombo bado anapenda bao. Nikalia mbele yake.

Mwero nilimwambia usiku wa kuamkia siku hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Siku ninakuoa ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akasema niende kwa mama, atanijulisha. Watoto wamebaki kwake. Nimewatazama ngozi kabla sijaondoka, kwa unyoya, wakicheka. Wazima wote watatu. Jana alipita mdogo wake akachukua nguo za watoto zilizokuwa kwenye sanduku langu, hakuingia ndani. Sijui kama ndiyo kujulishwa kwenyewe.

Usijilaumu. Mwenye kujilaumu hapa ni mimi, na nafasi imejaa.

Mama hajasema neno na mimi tangu Ijumaa. Nilipokuwa nang'oa alisimama mlangoni akatazama, hakunizuia. Kile kitambaa cha koma alikiokota mwenyewe, akakifua, akakianika.

Lakini jana asubuhi niliamka nikasikia kinu. Alikuwa anatwanga mbarika. Alishinda nazo kutwa, akachemsha, akaengua, akachuja kwa kitambaa kile kile, na jioni akaweka chupa mezani mbele yangu. Ziko mbili, Nzai. Sikumwambia ziwe mbili. Nilimwuliza ya pili ni ya nani, akanitazama kama mtu aliyeulizwa neno la kijinga, akaendelea kukaza kizibo.

Mwambie baba nakuja nazo Jumamosi, kwa basi la Mwinga.

Dada yako,
Mbodze